Aliyekalia Maji

Mwalimu Theodosia Kobelo alikuwa na kisa kimoja cha msibani, na hakuna mwanafunzi aliyepita mikononi mwake bila kukisikia. Alikitumia kama mpishi anavyotumia chumvi, kila siku na bila kufikiri. Asubuhi ile alikitoa tena mbele ya Baraza la Maji la mji wa Matuta, na wajumbe wakacheka palepale alipotaka wacheke.

"Basi nikalikalia dumu," alisema, akijibonyeza kitini kuwaonyesha alivyokaa. "Dumu la maji ya kuoshea maiti! Nikawaambia wafiwa, siinuki hapa mpaka nipewe jogoo. Watu wa Chini walicheka mpaka wakajifuta machozi. Msibani, jamani! Ndiyo maana nasema, penye utani hapana ukuta."

Mwenyekiti wa Baraza, Bwana Gaudens Mloka, alipiga meza kwa kiganja. Alikuwa mzaliwa wa Tuta la Juu kama Theodosia, mnene, mwepesi wa kucheka. Mbele yake, na mbele ya kila aliyekuwa amekaa, palikuwa na jagi la maji baridi na bilauri yake.

Mjumbe mmoja hakucheka, alitabasamu tu. Huyo alikuwa Stumai Chambuso, mtu wa kwanza kutoka Tuta la Chini kupewa kiti barazani. Ndiye aliyefiwa katika kisa kile. Maiti iliyokuwa ikisubiri kuoshwa ilikuwa ya mama yake.

"Si ndivyo ilivyokuwa, mtani?" Theodosia alimuuliza kwa furaha.

"Ilikuwa hivyo, mtani," alijibu Stumai. "Ulikaa."

Zamani za mababu watu walitaniana kwa makabila. Mafuriko makubwa yalipowachanganya wote na kuwapandisha milimani, makabila yakachanganyika na utani ukatafuta pa kushika. Ukashika kwenye matuta. Mji ulijengwa kwa ngazi, kama shamba la mlimani: nyavu za kunasia maji ya ukungu kileleni, matangi chini ya nyavu, Tuta la Juu chini ya matangi, kisha Tuta la Kati, kisha Tuta la Chini, ambako maji hufika yakikumbuka kufika. Wa Juu na wa Chini wakawa watani. Mtani akifiwa, unakwenda kwake, unalala mbele ya jeneza, unaficha majembe ya kuchimbia kaburi, unamtukana marehemu kwa mapenzi, na unapewa kitu kidogo uondoke. Haruhusiwi mtu kukasirika. Ndiyo sheria pekee ya utani, na Theodosia aliipenda kuliko sheria zote za mji.

Lakini hakuja barazani kuhadithia. Alikuja kuuonyesha mchezo wake. Baraza lilikuwa liamue siku hiyo kama kila mtu atakayekalia kiti cha kugawa maji alazimishwe kwanza kuucheza. Theodosia alikuwa amelipigania jambo hilo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mchezo uliitwa Kiti cha Mwenzio. Wanafunzi waliuita Kunguni, kwa kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye alijifanya kuchukia jina hilo huku rohoni akilifurahia.

Aliwaonyesha vilemba viwili vya kitambaa, vyepesi, vyenye nyuzi nyembamba kuliko unywele. "Vinavaliwa na watu wawili waliowahi kuwa mahali pamoja, siku moja. Mashine inasoma kumbukumbu zote mbili na kuzishona ziwe nguo moja. Kisha mmoja anakaa kwenye kiti cha mwenzake. Anaona kwa macho ya mwenzake, anasikia kiu yake, miguu inamuuma inapomuuma mwenzake. Nyinyi wengine mtatazama ukutani."

"Na akitaka kufanya tofauti na alivyofanya mwenzake?" aliuliza Mwenyekiti.

"Ajaribu! Mchezo haukatazi. Utamwonyesha gharama yake, halafu utamrudisha palepale. Hatoki kitini mpaka afanye alichofanya mwenye kiti."

"Akishindwa kabisa?"

"Liko neno la kutokea. Anasema 'Basi', na yote yanazimika." Theodosia alitabasamu tabasamu ambalo wanafunzi wake walilijua na kuliogopa. "Ila kwangu, anayesema Basi amefeli. Aliyezaliwa Chini hana neno la kutokea."

Sentensi hiyo alikuwa amemwambia binti mmoja wa Juu aliyelia kwa mwezi mzima baadaye. Hakuwahi kumwomba radhi. Aliona kilio kile ni somo linaloingia.

Kulikuwa na vijana wawili wa chuo waliofundishwa kwa ajili ya maonyesho yale, wako tayari nje ya mlango. Lakini vicheko vya wajumbe vilikuwa vimempanda kichwani.

"Kwa nini tusicheze kisa hikihiki?" alisema. "Mheshimiwa Stumai yupo, mimi nipo. Nitakaa kwenye kiti chake, muone kicheko kile kilivyokuwa upande wa pili."

Stumai alimgeukia. "Hicho? Una hakika?"

"Kwani mtani ana siri?"

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," Stumai alisema taratibu. Wajumbe wakacheka tena, wakidhani utani umekwisha kuanza. Akanyoosha mkono, akachukua kilemba, akakifunga vizuri kama mtu anayejitayarisha kwenda msibani. "Pazia nalishika mimi?"

"Mwenye kumbukumbu ndiye mwenye pazia. Usichotaka waone, hawataona."

"Haya. Kaa."

*

Kitu cha kwanza kilikuwa kinywa. Kilikuwa kikavu, ulimi umegandana na kaakaa, na Theodosia alijaribu kumeza akakosa cha kumeza. Halafu ikaja harufu ya udi, na joto la bati la Tuta la Chini. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, msichana wa miaka kumi na saba, ameshika pindo la kanga kwa meno. Nyuma yake, juu ya kitanda cha kamba, alilala mama.

Alijiambia, kwa sauti yake ya ualimu iliyobaki pembeni ya kichwa: mwili mzuri, mshono safi, kumbukumbu ya mwenye kiti ina nguvu.

Uani palikuwa na dumu la njano la mdomo mpana. Halikuwa limejaa. Wanawake walikuwa wakiingia mmoja mmoja na kumimina walichobeba: mmoja kwa sufuria, mmoja kwa birika. Bibi mmoja alikuja na kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kisahani, akakimimina chote, akakikung'uta, akasema, "Poleni, wanangu. Ningekuwa na zaidi."

Theodosia hakuwahi kumwona bibi yule. Alipofika yeye siku ile dumu lilikuwa limejaa, na kwake dumu lililojaa lilikuwa dumu tu.

"Wamesema watafungua lini?" baba yake Stumai alimuuliza mtu.

"Wakimaliza kujaza bwawa la kuogelea la shule ya Juu. Bwana Koki kasema subirini."

Bwana Koki. Hivyo ndivyo watu wa Chini walivyomwita mlinzi wa koki kuu, mtu aliyekuwa akifungua na kufunga maji ya mji mzima. Theodosia alikuwa akimwita Baba.

Ndipo kicheko kikasikika njiani, na msichana aliyekuwa yeye mwenyewe siku ile akaingia uani. Alikuwa mzuri, amenawiri, viatu vyake vipya. Uso wake haukuwa na ubaya hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma Theodosia kuliko kama angekuwa nao. Alikuja kwa mapenzi, ameshuka ngazi zote zile kwa miguu kumzika mama wa rafiki yake. Na mikia ya misuko yake ilikuwa ikidondosha maji mabegani.

Alikuwa ametoka kuogelea. Katika kumbukumbu yake mwenyewe, miaka yote, nywele zake zilikuwa kavu. Hakuwahi kuziona, maana nani anaona kisogo chake? Huku Chini kila jicho lilikuwa limeziona. Bibi wa kikombe aliyafuata kwa macho matone yale mpaka yalipoangukia vumbini.

"Nimesikia huyu mama kafa kwa uvivu wa kupanda ngazi!" msichana alipiga kelele, kama impasavyo mtani. "Haoshwi mtu hapa!" Akalikalia dumu, akakunja nne. "Siinuki mpaka nipewe jogoo!"

Theodosia alingoja kicheko. Kilikuwa kimemfurahisha maisha yake yote, kile kicheko, kilichomwagika uani kama mvua. Sasa alikiona kikizaliwa. Kwanza kulikuwa na kimya. Kisha mtu alinong'ona, "Mtoto wa Bwana Koki." Macho yakamwendea baba yake Stumai. Baba akaitazama koki kavu ya ukutani, akamtazama msichana, akafungua mdomo akacheka. Alipocheka yeye wakacheka wazee, na wazee walipocheka wakacheka wote, wakijifuta machozi ambayo yalikuwapo tangu asubuhi.

Msichana alifurahi sana kuwafurahisha. Akainuka kidogo, akafungua kifuniko cha dumu, akachota kata nzima. Theodosia alikuwa amelisahau hili. Aliapa ndani ya kichwa chake kwamba halikuwako, kwamba mashine imekosea kushona, na alipokuwa bado anaapa kiganja chake kilikumbuka ubaridi wa kata ile.

"Kwanza nimnyweshe mtani wenu ardhi, maana naye kafiwa!" alisema msichana, akaimimina kata chini, taratibu, kwa mbwembwe.

Vumbi likayanywa. Akachota nyingine.

Aibu haikuja kama anavyoisoma mtu vitabuni. Neno lilimjia mdomoni lenyewe, na lilikuja limevaa vizuri: Basi. Basi, kwa heshima ya marehemu. Basi, si haki kumwanika mama wa watu mbele ya Baraza. Angeweza kulisema na hakuna ambaye angemlaumu. Wangemsifu kwa utu wake. Mwenyekiti angetikisa kichwa kwa masikitiko, mchezo ungepitishwa, na kesho angefundisha kama kawaida.

Lakini pazia halikuwa lake. Stumai alikuwa amelishika, na alikuwa ameliacha wazi. Theodosia alijua vizuri ni heshima ya nani aliyokuwa akiilinda.

Hakulisema. Badala yake alijaribu njia nyingine, kama wanafunzi wake wote walivyojaribu. Alipiga hatua uani kwa miguu ya Stumai, akasema kwa sauti ya Stumai, "Inuka, Theo. Hayo ni maji ya mama."

Kicheko kikakatika. Uso wa msichana ukaporomoka. Hakuwa na hasira, alikuwa ameumia tu. Alikuja kwa mapenzi na amefukuzwa. Akainuka, akaondoka akilia, akipanda ngazi mbio. Mchezo ukaenda mbele, mwepesi, kama unavyokwenda unapoonyesha gharama. Msichana akamwambia baba yake wamenitukana msibani. Baba yake hakufanya ubaya wowote. Alichelewa tu kuifungua koki ya Chini, siku moja, na nyingine. Majirani wakaacha kupita nyumbani kwa wafiwa. Bibi wa kikombe alisimama mlangoni na kikombe kitupu. "Mwanangu," alisema, "kwani kumchekea kungekupunguzia nini?"

Kisha alikuwa tena mlangoni, pindo la kanga katikati ya meno, na msichana mwenye misuko mibichi alikuwa ameinua kata ya pili.

Theodosia alimtazama. Alijua sasa kinachotakiwa. Sheria ile aliitunga mwenyewe, mezani kwake, akinywa chai.

Akacheka.

Kilikuwa kicheko kizuri. Msichana alikisikia, akageuka, akamkonyeza rafiki yake kwa furaha, akaimwaga kata.

Wakampa jogoo. Alikuwa mmoja tu, wa nyumba ile. Stumai mwenyewe ndiye aliyetumwa kumkamata. Msichana alimkumbatia jogoo kifuani, akainuka kwenye dumu akiwapungia mkono, na Theodosia akakumbuka, bila kutaka, kwamba mchuzi wake ulikuwa na nazi.

Hapo pazia likashuka. Ukutani, Baraza liliona giza. Likabaki kusikia tu. Ndani, Theodosia alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha kamba, na shangazi aliyekuwa mwoshaji aliinamisha dumu, akalisikiliza.

"Mara tatu haiwezekani," shangazi alisema. "Tutamwosha mara moja. Mungu anajua."

Walianza kichwani. Walikwenda polepole, shangazi akimimina kwa kiganja, kwa hesabu ya mtu anayejua mwisho uko karibu. Maji yalifika kifuani, yakafika magotini, na pale yakakoma. Shangazi aliligeuza dumu juu chini. Halafu akachukua vumbi safi kwa ajili ya tayamamu, na alipomaliza alimwachia binti miguu ya mama yake. Binti aliifuta kwa pindo la kanga lililokuwa na unyevu wa meno yake mwenyewe. Miguu ilikuwa na magaga ya mtu aliyepanda ngazi maisha yake yote.

Nje ya ukuta, mbali kidogo, jogoo alilia, na msichana akacheka.

*

Alipotaka kuvua kilemba, fundo lilikataa kufunguka. Hakuna aliyemsaidia. Wajumbe wa Baraza walikuwa wakitazama meza, kila mmoja pale penye mikono yake. Bwana Mloka alikuwa amevua miwani na kuifuta, kisha akaivaa, kisha akaivua tena.

Kwa kawaida, hapo ndipo mwalimu huanza mazungumzo. Swali la kwanza ni lilelile siku zote, naye alikuwa amewauliza mamia ya watu wenye macho mekundu: ulikuwa na njia gani nyingine? Sasa hakuwepo wa kuliuliza. Theodosia alikaa kama mwanafunzi.

"Ulikuwa na njia gani nyingine?" Stumai aliuliza.

"Sikuwa nayo."

"Mbona nimeona umejaribu."

"Nilijaribu." Sauti ilitoka imekwaruza; koo lilikuwa bado na ukavu wa kule. "Ingewagharimu zaidi."

"Basi ulipocheka, ulifurahi?"

Theodosia alitikisa kichwa. Alitaka kuzama sakafuni. Aliwaza madarasa yote, miaka yote, vijana wa Chini waliokaa safu ya nyuma wakimsikiliza akiwaambia penye utani hapana ukuta. Walikuwa wakicheka nao, wale vijana. Alikuwa akiwapa alama kwa kucheka vizuri.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza, na alipolisikia swali lake lilivyo, akaona aibu upya.

"Kila ulipokihadithia kisa hiki ulikuwa umesimama mbele, na mimi nimekaa kwenye kiti kisicho na Basi," alisema Stumai. "Ndugu yangu ukimfundisha, nicheke. Nikiomba koki itengenezwe, kwanza nicheke. Leo ndiyo mara ya kwanza nimepewa kiti cha mezani. Nikasema tuone."

"Nisamehe, mtani wangu."

"Ngoja kwanza na hilo la mtani." Stumai hakupandisha sauti. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo ilikuwa ya zamani mno, imekuwa kama fanicha ya nyumbani. "Mtani ni mtu ambaye na mimi ningeweza kumkalia maji yake. Mama yako alipofariki nilipanda kule juu na wenzangu. Unakumbuka tulifanya nini?"

Theodosia alikumbuka. Alikuwa amekasirika kidogo, siku ile, kwamba watani wa Chini walikuja wakaosha vyombo.

"Tuliosha vyombo," Stumai alisema. "Mlinzi wenu wa mlangoni alituonyesha mlango wa jikoni."

Stumai aliinuka, akazunguka meza, akalichukua jagi lililokuwa mbele ya Theodosia. Kwa nje lilikuwa limetoka jasho la ubaridi. Alilishika kwa mikono miwili, akalitoa nje ya ukingo wa meza, akalimimina sakafuni. Alilimimina taratibu, bila mbwembwe yoyote, mpaka likaisha. Maji yalitandaa juu ya vigae, yakafika kwenye viatu vya Theodosia.

"Utani," alisema Stumai. "Cheka."

Theodosia alimtazama usoni. Aliutafuta mdomo wake, akataka kumpa walau hicho, kicheko kimoja cha kulipia. Hakikuja. Alitazama duara lote la wajumbe, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Hakuna aliyekuwa na hofu ya kutocheka. Wengine walikuwa wameanza kukunja nyuso.

"Mheshimiwa Chambuso," Bwana Mloka alisema, kwa upole wa mtu aliyeumia kweli. "Tumekuelewa. Tumeguswa sote, na mchezo huu nadhani tutaupitisha. Lakini tuliheshimu Baraza, tafadhali."

Kisha akageukia mlango, akapiga makofi mawili.

"Mleteeni Mwalimu maji mengine."

Mlango ulifunguka kabla hajamaliza kusema. Jagi jipya lilikuja, baridi, limejaa mpaka shingoni, likawekwa mbele ya Theodosia palepale lilipokuwa lile la kwanza. Mtu akamjazia bilauri. Koo lake lilikuwa linawaka kwa kiu. Wote walikuwa wakimsubiri anywe, Stumai naye akiwa amesimama na jagi tupu mikononi, na viatu vyake pia vikiwa ndani ya maji.